Mwongozo Kamili wa Michango ya Kampeni za Udiwani England na Adhabu za Kuficha Aliyeitoa

Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi England kihalali ana haki ya kuandikishwa katika daftari la wapiga kura wa mabaraza ya miji na wilaya, kwa kuwa nchi hizo nne ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Akiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, ametimiza miaka 18, na ana uhusiano unaotakiwa na eneo husika, kwa mfano kuishi au kufanya kazi humo kwa miezi 12 iliyotangulia, anaweza pia kugombea udiwani. Haki hiyo ni kubwa, na wenzetu wengi hawajui kuwa wanayo hata kabla ya kupata uraia.

Wanaoijua na kuamua kuitumia hukutana mapema na swali la fedha, na hapo ndipo desturi zetu na sheria ya Uingereza zinapogongana. Sisi tumezoea mchango. Harusi, msiba, ada ya mtoto, ugonjwa, vyote hutatuliwa kwa kundi la WhatsApp, mweka hazina mmoja na orodha ya majina inayobaki kwenye simu yake, kisha jumla hutumwa kwa mhusika kwa mkupuo mmoja. Katika harusi huo ni ustaarabu. Katika kampeni ya udiwani, mkupuo huohuo usioambatana na majina unaweza kumfikisha mweka hazina mahakamani, na mgombea pamoja naye. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupokea michango hatua kwa hatua bila kuficha asili yake, na nini humpata anayeificha. Unahusu England peke yake; Scotland na Wales zina kanuni zao zinazotofautiana katika baadhi ya mambo.

Sheria zinazotawala

Sheria kuu ni Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya mwaka 1983, hasa Jedwali la 2A, ambalo liliongezwa na Sheria ya Vyama vya Siasa, Chaguzi na Kura za Maoni ya mwaka 2000. Ya kwanza humhusu mgombea na wakala wake wa uchaguzi, yaani mtu anayesimamia fedha na taarifa za kampeni yake. Ya pili hutawala vyama, lakini baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo kifungu cha 61 kinachokataza ujanja wa kukwepa masharti ya michango, vimehamishiwa kwa wagombea pia. Tofauti hii ina maana kubwa katika utekelezaji: makosa ya mgombea hupelelezwa na polisi, ilhali makosa ya vyama huangaliwa na Tume ya Uchaguzi, ambayo inaweza kutoza faini ya hadi paundi 20,000 kwa kosa bila kupitia mahakamani. Mwezi Julai 2025 serikali ilitangaza nia ya kupandisha kiwango hicho hadi paundi 500,000, jambo linaloonyesha upepo unakoelekea.

Hatua ya kwanza: Fahamu kinachohesabiwa kuwa mchango

Kiwango cha kukumbuka ni paundi 50. Chochote chenye thamani inayozidi hapo, kilichotolewa kwa mgombea au wakala ili kugharimia uchaguzi, ni mchango unaodhibitiwa. Chenye thamani ya paundi 50 au pungufu hakihesabiwi. Kiwango kinaonekana kidogo mpaka utazame ukubwa wa kampeni zenyewe. Ukomo wa matumizi ya mgombea udiwani ni paundi 960, ukiongeza peni 8 kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa katika kata. Kata yenye wapiga kura 9,000 ina ukomo wa paundi 1,680. Kwa kampeni ya kiasi hicho, mtu mmoja mwenye paundi 500 ameshika karibu theluthi moja ya kampeni nzima, na wapiga kura wana haki ya kumjua.

Mchango si fedha taslimu peke yake. Mwenye duka la uchapaji akikuchapia vipeperushi bure, au akikupa punguzo ambalo hawapewi wateja wengine, tofauti ya bei ni mchango. Mwenye ukumbi asipokutoza pango, thamani ya pango hilo ni mchango. Mtu akikulipia bili ya matangazo moja kwa moja, hata kama fedha hazikupita mkononi mwako, naye amechangia. Mkopo usio na masharti ya kibiashara, ule wa “utanirudishia ukipata”, huhesabiwa vilevile. Kisichohesabiwa ni nguvu ya mtu anayejitolea katika muda wake mwenyewe bila malipo: kijana anayegawa vipeperushi jioni, au shangazi anayepikia wafanyakazi wa kampeni.

Fedha zako mwenyewe nazo si mchango. Hapa pana mtego ambao nimesikia watu wakiutaja kama suluhisho, na nausisitiza kwa sababu ni hatari: mjomba aliye Dar es Salaam anakutumia fedha “za matumizi yako binafsi”, nawe unaziandika kuwa ni akiba yako. Ikiwa wewe na mjomba mnajua kwamba zimetumwa kwa ajili ya kampeni, hizo ni fedha za mjomba, na kuzipa jina lako ni kuficha asili yake.

Hatua ya pili: Hakikisha mtoaji anaruhusiwa

Mtu binafsi anaruhusiwa kuchangia zaidi ya paundi 50 ikiwa yumo katika daftari la wapiga kura la Uingereza siku mchango unapopokelewa. Uraia wake si kigezo chenyewe. Mtanzania aliyeandikishwa Leicester anaruhusiwa. Mwingereza aliyehamia Mombasa na ambaye hajaandikishwa kama mpiga kura wa ng'ambo haruhusiwi. Mgombea hupewa nakala ya daftari la eneo lake akiiomba, kwa hiyo kwa majirani kazi ni kutafuta jina na anwani. Mtoaji akiwa wa mji mwingine, mwombe uthibitisho wa kuandikishwa kwake au uulize ofisi ya uchaguzi ya baraza la mji wake, na uandike tarehe uliyothibitisha.

Wengine wanaoruhusiwa ni kampuni iliyosajiliwa Uingereza na inayofanya biashara humo, chama cha siasa kilichosajiliwa, chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, na taasisi nyingine chache zilizotajwa na sheria. Kampuni ya Nairobi, Dubai au Muscat haimo, hata mwenye hisa wake akiwa ndugu yako wa damu. Nayo kampuni ya Uingereza ya ndugu yako haipaswi kugeuzwa mfereji: fedha zikitoka Dar es Salaam kuingia katika akaunti yake na kutoka siku hiyohiyo kuja kwako, mtoaji halisi ni yule wa Dar es Salaam.

Jumuiya zetu za ughaibuni zinahitaji uangalifu wa pekee. Jumuiya isiyo kampuni, yenye wanachama wawili au zaidi, makao yake makuu yakiwa Uingereza na shughuli zake zikifanyika hasa humo, inaweza kuchangia kwa jina lake. Lakini nyingi kati ya jumuiya hizo zimesajiliwa kama mashirika ya hisani, na shirika la hisani haliruhusiwi kumchangia mgombea wala chama cha siasa. Kabla ya kupokea hata paundi moja kutoka kwa jumuiya, muulize mwenyekiti au katibu wake kama ina namba ya usajili wa hisani. Ikiwa inayo, shukuru na ukatae.

Hatua ya tatu: Mchango wa pamoja usafiri na majina yake

Jedwali la 2A linamtaja mtu anayekusanya na kuwasilisha fedha kwa niaba yake na wenzake, au kwa niaba ya wenzake tu. Kila sehemu inayozidi paundi 50 huhesabiwa kuwa mchango unaojitegemea, na mkusanyaji ana wajibu wa kuhakikisha kwamba fedha zinapopokelewa, mgombea au wakala anapewa taarifa za kila mwenye sehemu hiyo. Wajibu huohuo humwangukia anayewasilisha zaidi ya paundi 50 kwa niaba ya mtu mmoja tu. Asipoutimiza bila sababu ya msingi, yeye mkusanyaji ametenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja.

Tuseme watu 14 wamechanga. Sita wametoa paundi 60 kila mmoja na wanane wametoa paundi 20, na mweka hazina ametuma paundi 520 kutoka akaunti yake akiandika “mchango wa wanakikundi”. Kwa mtazamo wa kikundi kila kitu ni halali na kimefanywa kwa upendo. Kwa mtazamo wa sheria kuna michango sita isiyo na majina, na kwa mtazamo wa benki kuna mtu mmoja aliyetoa paundi 520. Wale wanane hawahitaji kutangazwa, lakini bila orodha huwezi kumthibitishia mpelelezi kwamba walikuwepo. Kwa hiyo orodha iandikwe ya wote, ioneshe jina kamili, anwani iliyomo katika daftari la wapiga kura, kiasi na tarehe, na imfikie wakala pamoja na fedha, siku hiyohiyo.

Kukata fedha vipande ili kila kipande kibaki chini ya paundi 50 hakusaidii. Mtu mmoja akituma paundi 45 mara nne, au akiwagawia wanawe wanne watume kila mmoja kwa jina lake, makusudio ya kukwepa ndiyo yatakayoangaliwa, na fedha zitajumlishwa kurudi kwa aliyezitoa.

Ushauri wangu ni kuuacha kabisa utaratibu wa mweka hazina katika kampeni na kumwomba kila mmoja atume mwenyewe. Ujumbe wa kundi unaweza kuandikwa hivi:

“Wazee wetu, kaka na dada zangu, nawasalimu kwa heshima. Nawashukuru kwa moyo wenu wa kuniunga mkono. Kila anayependa kuchangia kampeni yangu ya udiwani, naomba atume mwenyewe kwa wakala wangu kutoka akaunti yake binafsi, akiambatanisha jina lake kamili na anwani aliyoandikishiwa kupiga kura hapa Uingereza. Tafadhali asichangie mtu kwa jina la mwingine. Ndugu zetu mlio nyumbani na nchi nyingine, dua zenu ni mchango tosha. Sheria ya hapa hainiruhusu kutumia fedha zenu katika kampeni.”

Ni kweli kwamba kiasi kisichozidi paundi 50 kutoka nje hakiguswi na masharti haya. Hata hivyo naona ni busara kukikataa, kwa sababu watu 30 wa ukoo mmoja wakituma paundi 40 kila mmoja kwa M-Pesa, utakuwa na kazi ya kueleza kwamba nyuma yao hakuna mtu mmoja mwenye fedha zote.

Hatua ya nne: Siku 30 za kuchunguza na kurudisha

Tangu siku mchango unapopokelewa una siku 30 za kumtambua mtoaji na kuthibitisha kuwa anaruhusiwa. Usizitumie fedha hizo katika kipindi hicho kabla hujajiridhisha. Ikiwa mtoaji haruhusiwi, rudisha kiasi kilekile kwake au kwa aliyeziwasilisha. Ikiwa hajulikani, zirudishwe kwa mtu au benki zilikopitia, na kama hata hiyo haijulikani, zipelekwe Tume ya Uchaguzi. Bahasha ya noti iliyoachwa mlangoni bila jina ina njia hiyo moja tu. Siku 30 zikipita fedha zikiwa bado mkononi mwako, sheria inakuhesabu kuwa umezikubali.

Hatua ya tano: Taarifa na matamko

Baada ya matokeo kutangazwa, wakala ana siku 35 za kuwasilisha taarifa ya matumizi na michango, akiiambatanisha na tamko lake kwamba anaamini taarifa hiyo ni kamili na sahihi. Mgombea huwasilisha tamko lake ndani ya siku 7 baada ya taarifa. Mabaraza ya parokia, ambayo hapa ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa na si ya kanisa, yana muda mfupi zaidi. Kwa kila mchango uliokubaliwa taarifa hutaja jina la mtoaji, anwani yake, kiasi na tarehe; kwa kila uliokataliwa hutaja pia namna ulivyorudishwa. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote hudaiwa taarifa, na walioshindwa ndio husahau zaidi.

Taarifa hizo hutunzwa kwa miaka miwili na mtu yeyote anaweza kuzikagua, ingawa anwani za watoaji binafsi huondolewa kwanza. Mwambie mchangiaji jambo hili mapema. Wapo wanaotoa kwa moyo mweupe lakini hawapendi jina lionekane hadharani, kwa sababu ya kazi, ukoo au siasa za nyumbani. Mtu wa namna hiyo anaweza kujitolea muda wake badala ya fedha, au kutoa kiasi kisichozidi paundi 50. Njia ya tatu, ya kumwandika mtu mwingine badala yake, haipo.

Adhabu, na jinsi zinavyomfuata mtu nje ya mahakama

Makosa yenyewe ni ya aina kadhaa. Mkusanyaji anayenyima majina nimeshamtaja. Mgombea au wakala anayekaa na fedha za mtu asiyeruhusiwa au asiyejulikana baada ya siku 30 ana kosa lake. Kifungu cha 61 kinamnasa yeyote, awe mgombea, rafiki, mhasibu au mmiliki wa kampuni, anayeingia kwa kujua katika mpango wa kurahisisha mchango wa mtu asiyeruhusiwa, iwe kwa kuficha, kwa kuvalisha sura nyingine au kwa njia yoyote. Kinamnasa pia anayetoa taarifa za uongo kuhusu kiasi au mtoaji, au anayezizuia kwa nia ya kudanganya. Makosa haya yakisikilizwa na mahakimu, adhabu inaweza kufika kifungo cha miezi sita, na mashtaka mazito yakipelekwa mbele ya jaji hufika mwaka mmoja, pamoja na faini ambayo England haina kikomo. Mbali na hayo, Tume inaweza kuomba mahakama itaifishe fedha zenyewe, hata pasipo mtu kutiwa hatiani.

Kosa linaloumiza zaidi kisiasa ni tamko la uongo. Mgombea au wakala anayetia saini tamko akijua kwamba jina la mtoaji si la kweli ametenda kile ambacho sheria inakiita kitendo cha rushwa ya uchaguzi, neno lililotumika pia katika sheria ya mwaka 1883 iliyoanza kuzibana gharama za kampeni. Akitiwa hatiani, juu ya kifungo na faini, hupoteza kiti na kuzuiwa kushika wadhifa wa kuchaguliwa kwa miaka mitano. Kutowasilisha taarifa kabisa, au kuichelewesha, ni kosa la daraja la chini, kitendo haramu, lenye faini na zuio la miaka mitatu.

Zuio hilo si la kwenye karatasi tu. Mwezi Aprili 2015 Richard Mawrey, Kamishna wa Uchaguzi aliyeketi kama jaji wa shauri hilo (si ofisa wa Tume ya Uchaguzi), alibatilisha ushindi wa Lutfur Rahman, meya wa Tower Hamlets jijini London, kufuatia shauri lililofunguliwa na wapiga kura wanne, na meya huyo akazuiwa kugombea kwa miaka mitano; alirudi madarakani kwa kura mwaka 2022. Shauri lile halikuhusu asili ya michango, lakini linaonyesha kwamba shauri la kupinga uchaguzi, ambalo kwa kawaida hufunguliwa ndani ya siku 21 baada ya kura, halihitaji polisi wala mwendesha mashtaka. Wapiga kura wanne walitosha.

Kuna matokeo mengine ambayo miongozo ya Kiingereza haiyatilii mkazo, lakini yanatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, diwani aliyehukumiwa kifungo cha miezi mitatu au zaidi bila nafasi ya kulipa faini, hata kama kifungo kimeahirishwa, hawezi kuwa diwani kwa miaka mitano. Asiye raia wa Uingereza ana hatari kubwa zaidi. Sheria ya Mipaka ya mwaka 2007 inaelekeza kufukuzwa nchini kwa mgeni aliyehukumiwa kifungo cha angalau miezi 12, isipokuwa akiwa katika moja ya hali ambazo sheria hiyo inazisamehe, na miezi 12 ndiyo adhabu ya juu ya makosa haya. Hata hukumu ndogo inaweza kuzuia ombi la uraia, kwa kuwa mwombaji hupimwa tabia njema. Mweka hazina aliyekubali kazi ya kukusanya kwa sababu tu anaaminika anapaswa kuyajua haya kabla hajasema ndiyo.

Ukigundua kosa

Aliyekosea bila nia mbaya ana mlango, mradi autumie upesi. Mahakama inaweza kumsamehe mtu aliyechelewesha taarifa au aliyeikosea kwa sababu ya ugonjwa, kifo, kutokuwepo, makosa ya wakala au kutotambua, ikiridhika kwamba hakukuwa na hila. Ombi hilo linahitaji mwanasheria na ushahidi wa maandishi. Kama umegundua baada ya siku kumi kwamba jina uliloandika silo la mtoaji halisi, acha kuzitumia fedha, andika siku na namna ulivyogundua, zirudishe, na uulize ushauri wa Tume ya Uchaguzi, ambao hutolewa bure. Usimwombe mtoaji abadilishe maelezo yake, wala usifute ujumbe wa WhatsApp. Kitendo hicho kinaweza kugeuza kosa la uzembe kuwa kosa la udanganyifu.

Mashtaka chini ya Sheria ya 1983 hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu kosa, na polisi wanaweza kuomba mahakama iongeze muda hadi miezi 24. Weka nakala za orodha, taarifa za benki, uthibitisho wa daftari na ujumbe wote wa kundi kwa angalau muda huo wote, wewe na wakala kila mmoja na nakala zake, hata kama ulishindwa kwa kura nyingi na umeamua hutagombea tena.